Ukurasa Kabla ya Januari

2 Aprili

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepona na amerudi kazini. Mwambie Mama Mdogo sweta limenitosha, ila mikono imezidi kidogo, naikunja.

Nina habari kubwa. Kanisa limeamua kukichapa upya Kitabu cha Tarehe cha Babu! Zimebaki nakala arobaini na tatu tu kanisani, na kila Jumapili watu wanazigombania. Nazijua zote kwa sura kwa sababu tangu mwaka jana mimi ndiye mtunza kabati la vitabu. Fundi wa uchapaji amesema hatapanga herufi upya. Atachukua nakala moja safi, atapiga picha kila ukurasa, na kitabu kipya kitatoka kama kilivyo.

Sasa kaa chini kabla hujasoma hili. Jumapili ya kwanza ya Juni kutakuwa na ibada ya kuianza hiyo kazi, na Katibu wa baraza la kanisa amesema mjukuu wa mwandishi ndiye atakayesoma mbele ya watu wote. Mjukuu mwenyewe ni mimi. Unanijua nilivyo. Mwalimu akiuliza swali, jibu naliandika kwenye daftari badala ya kunyoosha mkono. Lakini kwa Babu nitasimama.

Nitasoma somo la tarehe 14 Agosti, "Yai Mkononi". Ndilo alilonifundishia kusoma nikiwa na miaka minne, kidole chake kikipita chini ya kila neno. "Mshike mwenzako kama yai ulilotumwa nalo. Usilibane likapasuka, usililegeze likaanguka." Nalijua lote bila kutazama.

Nimeweka fomu humu ndani. Wewe ndiye mjane wake, kwa hiyo hawawezi kuchapa bila sahihi yako. Isaini uirudishe haraka, tafadhali sana.

Mjukuu wako akupendaye,
Miwani


11 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka sindano ikanichoma. Wewe, ambaye ukitumwa dukani kununua chumvi unamwandikia muuzaji kwenye karatasi, leo utasimama mbele ya kanisa zima? Hongera. Simama wima, tazama ukuta wa nyuma, na usimtazame Katibu usoni, maana akisikiliza hukunja uso kama anayenusa maziwa yaliyochacha.

Fomu nimeiona. Nimeiweka chini ya cherehani. Sijaisaini. Mkono unanisumbua majira haya, unajua tena tangu nilipoteleza kisimani. Herufi zangu unaziona mwenyewe zinavyolalia upande mmoja.

Hiyo tarehe 14 Agosti, huwezi kuchagua nyingine? Mle mna masomo mia tatu sitini na matano. Siku hiyo mimi sifungui kitabu. Ni mazoea yangu tu ya kizee.

Halafu nikuulize kitu. Watu hapo bado wanakifungua vilevile? Mtu anavuta utepe, anakwenda kwenye tarehe ya leo, anasoma, anafunga? Hakuna hata mmoja anayekianza mwanzo kama vitabu vingine? Nijibu hilo kabla sijasaini.

Mke mwenzako,
Bibi


20 Aprili

Bibi,

Shikamoo.

Jana nilikuwa nafanya mazoezi ya kusoma jikoni, Mama anaosha vyombo. Nilipofika "usilibane likapasuka", Mama alibamiza sufuria kwenye sinki. Akasema, "Basi! Imetosha! Huyo babu yako wa mayai alimvunja mama yangu mkono mbele ya macho yangu."

Nikamwambia hapana, Bibi aliteleza kisimani.

Akasema, "Kisima gani? Pale nyumbani kulikuwa na bomba."

Ni kweli, Bibi? Mama anasema alikuwa na miaka sita na alikuwa chini ya meza. Anasema ulimsahihisha Babu mbele ya wageni, neno moja tu, na wageni walipoondoka akakuvunja mkono wa kulia. Anasema alisikia mlio wa mfupa, kama kijiti. Mama hajawahi kuniambia, wewe hujaniambia, Mama Mdogo hajaniambia. Ukoo mzima mmenitazama nikilala na kitabu chake chini ya mto tangu nikiwa na miaka minne, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nimekasirika mpaka meno yananiuma. Nimemkasirikia yeye, lakini yeye ameshakufa, hasira haina pa kwenda. Kwa hiyo inakuja kwako. Kwa nini ulinidanganya? Kwa nini uliniacha nimpende?

Sasa nikifungua somo lolote nauona mkono wake. Mtu anaandikaje juu ya yai kwa mkono uleule? Kitabu chote ni uongo. Usiisaini hiyo fomu. Kisichapwe. Kizeeke, kichanike, kiishe.

Swali lako la utepe sijalijibu kwa sababu sioni linahusu nini.

Na tafadhali usiniite tena mke mwenzako. Sitaki kuwa mke wa mtu yule hata kwa utani.

Mjukuu wako


28 Aprili

Mjukuu wangu,

Shikamoo iliyoandikwa kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka si shikamoo. Nimeiona.

Ndiyo, ni kweli. Hakukuwa na kisima.

Mama yako ana haki ya kusema alichokiona. Lakini hana haki ya kunisemea mimi, na wewe huna. Nimesemewa maisha yangu yote. Kwanza alinisemea yeye: "Mke wangu ameteleza." Baadaye kanisa likanisemea: "Mama yetu mvumilivu." Sasa umetokea wewe, umejua jana, leo unanisemea mpaka kwenye fomu yangu: usisaini. Nani kakutuma?

Unaniambia kitabu chote ni uongo. Mimi nakisoma kila asubuhi isipokuwa siku moja kwa mwaka. Mwandiko wa babu yako ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeyanakili masomo yote kabla ya kwenda kuchapwa, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukushika kalamu tena kwa miaka. Mle ndani mna masomo yaliyonishikilia nisianguke, na nilimjua aliyeyaandika kuliko utakavyomjua wewe. Kuna mengine niliyanakili huku nasaga meno. Nayajua yote, hili na lile. Usinifundishe namna ya kukichukia.

Nimekuuliza swali moja, ukalipuuza. Nakuuliza kwa njia nyingine. Hicho kitabu umekisoma? Chote? Usifanye jambo lolote mpaka unijibu.

Bibi yako


6 Mei

Bibi,

Shikamoo.

Unaniuliza mimi kama nimekisoma? Mimi? Tarehe zote, kila mwaka, kwa miaka kumi na miwili. Niulize yoyote. Tarehe 3 Machi, mtu anayeomba mvua huku amefunga dirisha. Tarehe 9 Novemba, viatu vya marehemu. Hakuna mtu katika kanisa lile anayekijua kuliko mimi, na hilo ndilo linaloniuma.

Umesema nisifanye jambo, lakini barua yako imefika nimeshafanya. Jumamosi ilikuwa zamu yangu kusafisha kabati, na kanisani hapakuwa na mtu. Nilikoroga unga na maji, nikakata karatasi za kaki zilizobaki nilipofunika madaftari. Nikabandika karatasi juu ya jina lake kwenye kila jalada. Ndani pia jina lake lipo, kwenye kurasa za mbele, zile za mchapaji na shukrani na nini, halafu sahihi yake chini. Zile nikazipaka gundi zote zikashikana, nikazifunika kwa kaki. Nakala zote arobaini na tatu, na ile yangu ya chini ya mto pia. Ilinichukua saa nne, na vidole vilikauka kama vya mzee.

Masomo sijayagusa. Kama unasema maneno yana faida, haya, yabaki. Lakini yabaki yatima. Yasiwe na mwenyewe.

Nilifanya kwa ajili yako, Bibi. Nilipomaliza niliketi sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sufuria nilipumua vizuri.

Miwani


13 Mei

Wewe mtoto!

"Kurasa za mbele, zile za mchapaji na shukrani na nini." Na nini? Na nini, mjukuu wangu? Miaka kumi na miwili unalala juu ya kile kitabu, hujawahi hata siku moja kufungua ukaona hiyo "na nini"?

Chukua birika. Chemsha maji. Shika zile kurasa juu ya mvuke mpaka unga ulainike, zibandue taratibu, usizichane. Kisha soma ukurasa wa nne. Halafu ndipo uniandikie habari za kufanya kwa ajili yangu.

Nitakueleza, kwa sababu sitaki usimuliwe na mtu mwingine. Nilipomaliza kunakili, fundi alikuwa anasubiri, Katibu wa wakati ule anasubiri, babu yako ameshanunua koti la kuvaa siku hiyo. Nikazifunga zile karatasi kwa kamba, nikaziweka kwenye kiti, nikazikalia. Usicheke. Nilizikalia kweli. Nikamwambia: hazitoki hapa mpaka uandike ulichonifanya, kwa jina lako, na kichapwe. Siku ya kwanza alinuna. Siku ya pili alipiga magoti. Nikamwambia goti halichapwi. Siku ya tatu akaandika.

Mimi ndiye niliyemwambia fundi ukurasa ule uwekwe mbele ya yote, kabla ya tarehe mosi Januari. Nilidhani mwanzo ndipo mahali pa heshima. Kisha fundi akaniomba nizishonee nakala utepe, maana mimi ni mshonaji. Nikashona utepe mia tano kwa mkono wangu wa kushoto. Nao utepe ukawafundisha watu kuruka. Wanauvuta, wanakwenda kwenye tarehe yao, wanasoma, wanafunga.

Miaka thelathini na mmoja. Kila Jumapili mpaka nilipohama nilikaa benchi la tatu nikitazama vidole vya watu. Kuvunjwa kwangu kumeshikwa na mikono yote ya kanisa lile na hakuna aliyeona. Wewe nilikwambia kisima kwa makusudi. Nilitaka siku moja uje mbio uniambie, "Bibi, muongo wewe! Nimesoma!" Niliwangoja wote, nikachoka, nikabaki nakungoja wewe. Nilisema, huyu ndiye msomaji wa ukoo.

Na ni wewe uliyekwenda kunifunika kwa karatasi za madaftari.

Bibi yako


20 Mei

Bibi,

Shikamoo. Nimeusoma. Nilitumia birika la jikoni ya kanisa. Nakala ya kwanza ilichanika pembeni kwa sababu niliivuta kwa haraka, nisamehe. Nauandika hapa wote, ili ujue kwamba kuna mtu aliyeufikia.

"Msomaji, kabla hujaifungua tarehe yako. Nilimpiga mke wangu nikamvunja mkono wa kulia. Hakuteleza. Alikuwa amenisahihisha mbele ya wageni, naye alikuwa sahihi. Niliwaambia watu kwamba ameanguka, nikamlazimisha naye aseme hivyo. Masomo haya yote ameyanakili yeye kwa mkono wa kushoto. Ukiona ndani yake neno jema, ujue limepitia mkononi mwake kabla ya kukufikia. Sikuombi unisamehe, wewe si uliyeumizwa. Naandika haya kwa sababu amenitaka niyaandike, na ana haki."

Halafu jina lake.

Nilikuwa namkasirikia Babu kwa kuficha, kumbe aliyeficha ni mimi. Na bado namkasirikia. Nilitaka ukurasa uniondolee hasira, umeipanga tu sawasawa. Anasema "ana haki" halafu ameishi miaka ishirini na mitano akipigiwa makofi kila Jumapili, na hata mara moja hakusimama akasema, jamani, rudini nyuma kurasa chache.

Kuna jambo baya zaidi. Nilipokuwa nashika nakala ya tano juu ya mvuke, Katibu aliingia kutafuta kikombe. Akauliza naharibu nini. Nikampa asome. Alisoma amesimama, akasoma tena, akavua miwani. Akasema, "Miaka yote hii?" Nilidhani atalia. Kisha akaivaa miwani na kuniambia nakala ya kupigwa picha ameshaipeleka kwa fundi Jumatatu. Ni namba moja, ile safi kuliko zote. Nayo ina kaki yangu.

Nikamwambia tukaitoe. Akasema atanijibu kwa barua. Imekuja jana. Naiweka humu uisome mwenyewe.

Mjukuu wako


Ofisi ya Baraza la Kanisa
18 Mei

Kwa Mtunza Kabati la Vitabu

YAH: KURASA ZA MBELE ZA KITABU CHA TAREHE

Binti,

Baraza limeketi na kulijadili suala hili kwa maombi na upendo.

Kwanza, umepewa onyo kwa kubandika karatasi kwenye mali ya kanisa bila kibali.

Pili, baada ya kuusoma ukurasa husika, baraza limeona kwamba kitendo chako, ingawa hakikufuata utaratibu, kilikuwa na busara ndani yake. Mtu anayetafuta faraja asubuhi hapaswi kukutana na mambo ya ndani ya nyumba ya watu. Hata watumishi wakuu wa zamani walikuwa na mapungufu, na maandishi yao yanatulisha hadi leo. Tunakula tunda, hatuchimbi mizizi. Hivyo toleo jipya litachapwa kutoka nakala namba moja kama ilivyo, bila ukurasa huo. Jina la mwandishi litarudishwa jaladani.

Tatu, unakumbushwa kwamba Jumapili ya tarehe 2 Juni utasoma somo la 14 Agosti na si kitu kingine.

Wako katika huduma,
Katibu


3 Juni

Bibi,

Shikamoo.

Jana nilivaa lile sweta, nikaacha mikono yake inifunike vidole. Benchi la tatu alikuwepo Mama peke yake. Katibu alinitambulisha: "Mjukuu wa mwandishi wetu mpendwa." Wakapiga makofi. Nikatazama ukuta wa nyuma kama ulivyosema.

Nikasema, "Toeni utepe nje. Leo hatufungui tarehe. Fungueni mwanzo kabisa, ukurasa wa nne." Sauti yangu ilitoka kama ya mbu. Nakala zote nilikuwa nimeshazibandua, isipokuwa ile iliyo kwa fundi. Watu walidhani nimekosea. Mmoja akacheka. Kisha nikasikia kurasa zinarudi nyuma, Bibi, zote kwa pamoja. Hujawahi kusikia sauti ile. Natamani ungekuwepo benchi la tatu kuisikia.

Nikasoma. Nilipofika "Hakuteleza", Katibu akasimama akachukua kipaza sauti kingine. "Asante, binti, asante. Sasa tufungue tarehe ya leo." Hakuna aliyefungua. Mzee mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani." Na Mama, ambaye hajawahi kusema neno kanisani zaidi ya amina, akageuka akamwambia, "Nyumbani ndipo nilipokuwa, mzee wangu. Chini ya meza."

Nilitaka kukimbia. Kule mlangoni mama anayefagia kanisa akainua mkono, ufagio ukiwa bado kwapani. Akasema, "Soma tena, mwanangu. Huku nyuma hatukusikia vizuri." Nadhani alisikia kila kitu. Nikasoma tena, tangu mwanzo mpaka jina, na mara ya pili sikuwa mbu.

Sitakudanganya kwamba yaliisha vizuri. Muuguzi mmoja, yule anayekaa karibu na dirisha, alinirudishia nakala yake mkononi akasema hataki tena kuigusa. Tangu ubatizo wake anasoma kitabu kile. Niliipokea, na sidhani kama amekosea. Fundi viatu naye ameazima yake kwa wiki nzima, anasema anataka kukianza mwanzo aone kama maneno yatasimama. Sidhani kama naye amekosea. Watu wawili wamenipita bila salamu. Mimi mwenyewe sijui kama nitaweza kuyasoma tena yale masomo. Jana nilijaribu tarehe moja. Niliisoma polepole, kama mtu anayekanyaga ubao uliooza, na ubao haukuvunjika. Nikakasirika zaidi. Ningependelea uvunjike.

Lakini nimesoma, Bibi. Muongo wewe. Nimesoma.

Miwani


Ofisi ya Baraza la Kanisa
8 Juni

Kwa Mjane wa Marehemu Mwandishi

YAH: MAPENDEKEZO YA MARIDHIANO

Mama yetu mpendwa na mvumilivu,

Salamu katika jina la Bwana. Bila shaka umeshasikia yaliyotokea Jumapili. Waumini wengi wamekuja ofisini, wengine kwa machozi na wengine kwa maneno makali, na baraza limeketi upya mara mbili.

Tumekubaliana ukurasa ule usitupwe. Lakini hatuwezi kuuweka mbele, kwa kuwa utamkatisha tamaa msomaji mpya kabla hajaonja. Tumetafuta mahali penye heshima. Tumegundua kwamba kitabu hakina somo la tarehe 29 Februari. Tunapendekeza ukurasa uwekwe hapo. Utakuwa na tarehe yake kamili, na wote watausoma siku hiyo itakapofika.

Fundi anasubiri. Tunaomba fomu yenye sahihi yako mapema iwezekanavyo.

Katibu


17 Juni

Msomaji wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimemwita mama yako mdogo akanisomea kwa sauti mahali pale pa mama yako na meza, nikalia, kisha nikamfukuza chumbani.

Mke mwenzangu sitakuita tena. Ule utani ulianzishwa na yeye, mimi niliubeba tu. Hili jina jipya nimelitafuta mwenyewe.

Yule muuguzi usimfuate. Mwache. Kuna mwaka mzima mimi pia nilikifungia kitabu kile kwenye sanduku la nguo kuukuu. Akitaka kukirudia atakirudia, asipotaka, Mungu ana njia nyingine za kusema naye. Fundi viatu naye mwache akanyage mbao zake. Usiwe polisi wa macho ya watu. Kazi yako ni kwamba kila anayefungua ajue anachofungua.

Sasa, hawa watu wa ofisini. Februari ishirini na tisa! Mara moja kila miaka minne! Nimeisoma barua ile mbele ya mteja, akadhani nimepatwa na kifafa kwa nilivyogonga meza. Walikaa mara mbili, wakaomba, wakafunga macho, na hiyo ndiyo tarehe waliyoiona. Mkono wangu unauma kila mwaka. Katika miaka minne unauma mara nne. Na "mvumilivu" wameliweka tena pale juu, kama stempu.

Fomu hii hapa, mpelekee mwenyewe, mkononi. Nimeisaini. Nyuma yake nimeandika sharti, na sahihi yangu ya mbele haina nguvu bila ya nyuma. Nimeliandika mara mbili asije akasema wino umefifia. Fundi akachukue nakala nyingine, isiyo na kaki. Ukurasa wa nne ubaki palepale kwenye mwanzo, hata kama hakuna anayefika. Na uchapwe mara ya pili, ndani, kwenye tarehe yake. Tarehe yake si Februari. Ni siku yenyewe aliyonivunja, ndiyo maana sifungui kitabu siku hiyo. Ni 14 Agosti.

Najua ni lako hilo somo. Najua kidole kilikuwa cha nani. Alikuwa ameliandika mwaka mmoja kabla, na jioni ileile, wageni wakiwa bado sebuleni, alikuwa amewasomea.

Mwanzoni nilisema litoke. Nilikwisha kuandika hivyo kwenye fomu. Kisha nikakukumbuka una miaka minne, unatamka "likapasuka" na jino la mbele halipo, nikaandika upya. Libaki. Lakini lisikae peke yake tena. Ukurasa wake utangulie, "Yai Mkononi" lifuate, upande kwa upande, ili atakayevuta utepe siku hiyo asome alichofanya kwanza, kisha asome alichoandika, kama bado ataweza. Asiyeweza afunge. Nitamwelewa.

Sahihi nimeitia kwa mkono wa kulia. Imepinda. Mwambie fundi asiinyooshe.

Siku hiyo ikifika, wewe ndiye utakayesoma, vyote viwili, na usiwe mbu. Nitakuja. Niwekee nafasi benchi la tatu, na uniwekee nakala. Mwaka huu nitafungua.

Bibi yako